Meyer, Meier, Maier: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la ukoo la msimamizi wa shamba

Anayesoma historia ya Kilimanjaro hukutana na Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni, mapema sana. Anayeishi Ujerumani, Austria au Uswisi hukutana na akina Meyer, Meier na Maier kila siku: kwenye kengele za milango, kwenye mabango ya maduka, darasani kwa watoto wake. Katika orodha ya majina ya ukoo yaliyoenea zaidi Ujerumani, Meyer kwa tahajia hiyo peke yake huwa la sita, nyuma ya Müller, Schmidt, Schneider, Fischer na Weber. Ukijumlisha ndugu zake wanaoandikwa vingine, ni umati mkubwa zaidi.

Jambo moja niliweke wazi kabla ya maswali, kwa sababu majibu mengi yanalitegemea. Meyer ni jina la cheo. Linaeleza nafasi aliyokuwa nayo mtu fulani katika shamba fulani miaka mia kadhaa iliyopita. Halisemi chochote kuhusu damu.

Jina hili limetoka wapi?

Limetoka katika Kilatini *maior*, yaani mkubwa zaidi. Katika ufalme wa Wafaranki, uliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi mwanzoni mwa Zama za Kati, kulikuwa na cheo cha *maior domus*, mkubwa wa nyumba, aliyesimamia jumba la mfalme na mali zake. Cheo hicho kilipata nguvu kuliko kiti chenyewe cha enzi: Karl Martell alitawala kwa kukishika, na mwanawe Pippin, mwaka 751, akamwondoa mfalme na kukalia kiti mwenyewe.

Hao walikuwa wakubwa wa juu kabisa. Chini yao walikuwapo *maiores* wengi wadogo, kila mmoja na eneo lake la mashamba, na hao ndio waliotuachia jina. Wasemaji wa Kijerumani wakalichukua neno na kulifanya *meier*.

Je, lina uhusiano na neno letu "meya"?

Ndiyo, kwa mbali. Meya wa jiji amefika kwetu kupitia Kiingereza, na Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa kutoka kwenye *maior* huyohuyo. Shina ni moja, kazi ni mbili: mmoja alibaki na mji, mwingine na shamba.

Msimamizi huyo alifanya kazi gani hasa?

Hapa ndipo penye utamu wa habari yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika Zama za Kati ardhi kubwa ilikuwa mikononi mwa mfalme, makabaila, maaskofu na nyumba za watawa kama Fulda, Corvey na St. Gallen. Ardhi hiyo ilitawanyika. Monasteri moja ingeweza kuwa na mashamba yaliyo mwendo wa siku nyingi kutoka langoni pake, na mtawa mkuu asingeweza kuyasimamia yote mwenyewe. Kwa hiyo kila kundi la mashamba lilikuwa na shamba mama, na kwenye shamba mama aliishi *meier*.

Aliwaita wakulima waliofungwa na ardhi waje kulima, kuvuna na kubeba mizigo kwa siku walizodaiwa. Alipokea kodi, ambayo zamani hizo ilikuwa nafaka, kuku, mayai, nguruwe na nta. Alihakikisha sehemu ya bwana inafika ghalani. Mara nyingi aliketi pia kwenye baraza la shamba palipoamuliwa ugomvi wa mipaka, urithi na madeni. Katika vijiji vingi vya kusini shamba lake lilipewa pia wajibu wa kumtunza fahali wa mbegu kwa ajili ya ng'ombe wa kijiji kizima.

Msomaji wa Unguja na Pemba anaweza kumfikiria nokoa wa mashamba ya karafuu: mtu aliyesimama kati ya mwenye shamba asiyeonekana na watu wanaofanya kazi. Tofauti ni kwamba *meier* alikuwa na ardhi yake ya kulima ndani ya mpango huohuo, na ardhi hiyo ndiyo iliyomkuza.

Tuna amri ya kifalme ya karibu na mwaka 800, ijulikanayo kama *Capitulare de villis*, inayowataja watu hawa. Inaagiza kwamba *maior* asipewe eneo kubwa kuliko lile analoweza kulizunguka na kulikagua kwa siku moja. Inaagiza pia kwamba wasichaguliwe kutoka kwa watu wenye nguvu, bali watu wa kati walio waaminifu. Ukisoma amri hiyo unaona hofu ya mfalme: akimpa cheo mtu mzito, mali itageuka kuwa ya huyo mtu.

Hofu ilikuwa ya kweli. Katika karne ya 11, Ekkehart wa Nne, mtawa wa St. Gallen, aliandika kwa uchungu kwamba wasimamizi wa mashamba ya monasteri yake wameanza kubeba ngao na silaha zilizong'arishwa, wanapuliza pembe kwa mlio tofauti na wanakijiji wengine, na wanafuga mbwa wa kuwinda: mwanzo sungura, baadaye dubu na nguruwe mwitu. Walikuwa watumishi, sasa wanaishi kama makabaila. Kwangu mimi hakuna ushahidi unaomleta *meier* karibu kuliko malalamiko ya mtawa huyo.

Cheo kiligeukaje kuwa jina la ukoo?

Kwa muda mrefu watu wengi walikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, akina Heinrich na Konrad wakawa wengi mno kwa mwandishi wa hati za kodi na mikataba, na katika miji ya kusini na magharibi, tangu karne ya 12, jina la pili lilianza kuongezwa: la kazi, la mahali, la baba au la umbo. Heinrich msimamizi akaandikwa Heinrich der Meier. Kiungo *der* kikaanguka, mwana akalirithi neno hata kama hakurithi kazi, na jina likakaa.

Vijijini ilichukua muda zaidi. Frisia ya Mashariki, kwenye pwani ya kaskazini, ilifika mwaka 1811 ambapo amri ya Napoleon iliwalazimisha watu kuchukua majina ya kudumu.

Kwa nini liko vijijini kwa wingi hivi, wakati msimamizi alikuwa mmoja kwa mashamba mengi?

Kwa sababu cheo chenyewe kilibadilika maana. Kati ya karne ya 12 na ya 14 mfumo wa shamba mama ulivunjika. Mabwana waliona afadhali kupokea kodi ya uhakika kuliko kuendesha kilimo kupitia mtu asiyeaminika, wakaigawa ardhi na kuikodisha. *Meier* mara nyingi alibaki pale pale kwenye nyumba kubwa, sasa kama mpangaji. Neno likaacha kumaanisha msimamizi likaanza kumaanisha mkulima mkubwa mwenye shamba la kupanga.

Huko Saksonia ya Chini mambo yalikwenda mbali zaidi. Ilikuwapo sheria kamili ya upangaji wa *meier*. Mwanzoni mkataba ulikuwa wa miaka michache. Watawala wa nchi, waliotaka wakulima imara wanaoweza kulipa kodi ya serikali, wakawabana wenye ardhi mpaka upangaji ukawa wa kurithiwa. Bwana aliweza kumfukuza mpangaji aliyeshindwa kulipa au aliyeharibu shamba, na Wajerumani wana kitenzi cha jambo hilo: *abmeiern*. Katika ufalme wa Hannover mfumo huo ulianza kufutwa kwa sheria za miaka ya 1830, wakulima walipopewa nafasi ya kulipa fidia na kuimiliki ardhi.

Bavaria nako walikuwa na ngazi zao. Aliyeshika shamba zima aliitwa Maier, nusu shamba ni Huber, robo shamba ni Lehner. Majina hayo yote matatu ni ya ukoo hadi leo, na yanaonyesha ngazi ya mali ambayo wajukuu wameshaisahau.

Mbona linaandikwa kwa namna nyingi: Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr, Mair?

Yote hutamkwa karibu na "Maia". Tofauti imeletwa na waandishi, wala si wenye majina.

Kuhusu *ai* na *ei*: Kijerumani cha Zama za Kati kilikuwa na *ei* ya asili, na pia kilikuwa na *i* ndefu ambayo baadaye iligeuka nayo ikawa *ei*. Masikioni mwa watu wa Bavaria na Swabia sauti hizo mbili zilibaki tofauti, kwa hiyo waandishi wao wakaamua ile ya asili iandikwe *ai*. Jina letu lina *ei* ya asili, ndiyo maana kusini linakuwa Maier au Mayer. Watu wa Bavaria pia humeza irabu mwishoni mwa neno, na hapo ndipo Mayr na Mair zilipozaliwa.

Kuhusu *y*: waandishi wa karne ya 15 hadi ya 18 waliipenda herufi hii kwa sura yake tu. Padri mmoja aliweza kuandika Meier siku ya ubatizo, Meyer siku ya ndoa na Mayer siku ya mazishi, mtu akiwa yuleyule. Anayefuatilia ukoo asikatae karatasi kwa sababu ya herufi moja.

Uhuru huo ulikoma ofisi za serikali za vizazi, ndoa na vifo zilipoanzishwa: Prussia mwaka 1874, na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Tahajia iliyokuwa mkononi mwa karani siku hiyo ikagandishwa. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kutoka na majina mawili.

Kwa hiyo tahajia inaweza kunionyesha ukoo unatoka wapi?

Inaweza kukuelekeza upande. Meyer ni nyingi sana kaskazini, hasa Saksonia ya Chini. Maier ni ya kusini, Baden-Württemberg na Bavaria. Mayer iko kusini na Austria. Mayr ni ya Bavaria na Austria, na Mair ni ya Tirol, ikiwemo Tirol ya Kusini iliyo sasa ndani ya Italia. Meier imetawanyika zaidi, na Uswisi ni miongoni mwa majina ya kawaida kabisa.

Watu mashuhuri wanafuata ramani hiyo vizuri. Lothar Meyer, mkemia aliyefanyia kazi jedwali la elementi, alizaliwa Varel, kaskazini. Robert Mayer, daktari aliyeandika kuhusu uhifadhi wa nishati, alikuwa wa Heilbronn. Ernst Mayr, mwanabiolojia wa mageuko, alizaliwa Kempten huko Bavaria mwaka 1904. Lakini mshairi Conrad Ferdinand Meyer alikuwa mtu wa Zürich, kwa *e* na *y* kama wa kaskazini. Tumia tahajia kuanza safari, kisha tafuta kijiji.

Niemeyer, Obermeier, Widmaier: haya ni majina mengine au ni yaleyale?

Ni yaleyale yaliyoongezewa alama ya kutofautisha. Mahali penye akina Meier watano, kila mmoja alihitaji kitambulisho. Obermeier alikuwa wa juu mlimani na Niedermeier wa chini. Ostermeier alikaa mashariki, Westermeier magharibi. Bachmeier alikuwa kando ya kijito, Angermeier penye uwanja wa malisho. Kirchmeier alihusika na kanisa, na Widmaier alilima ardhi iliyotengwa kwa ajili ya kumlisha padri. Niemeyer ni Kijerumani cha kaskazini, maana yake Meyer mpya, yaani aliyefungua shamba jipya au aliyekuja baadaye. Mchoraji majengo Oscar Niemeyer wa Brazil alilipata jina hilo kutoka kwa mababu wa Kijerumani.

Watafutaji wengi huyapuuza majina haya ya kuunganisha, na huo ni upotevu. Meyer tupu anaweza kuwa wa popote. Angermeier au Widmaier anakupa shamba lenyewe, na ukiwa na bahati shamba hilo bado limesimama na jina lake.

Westfalia ina mtindo wa pekee: Meyer zu, ikifuatiwa na jina la shamba. Huko jina lilikuwa mali ya shamba. Mwanamume akioa binti mrithi na kuhamia kwake, alichukua jina la shamba na watoto wakaitwa hivyo. Unaweza kufuata jina moja vizazi vinne ukakuta damu imebadilika mara mbili.

Nimeambiwa Meyer ni jina la Kiyahudi. Ni kweli?

Kwa baadhi ya familia, ndiyo, ila hilo ni jina jingine lenye chanzo kingine. Kiebrania kina jina la mtu, Meir, maana yake "atoaye nuru". Rabi Meir wa karne ya 2 ni mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, na Meir wa Rothenburg, aliyefariki kifungoni mwaka 1293, alikuwa mwalimu mkuu wa Wayahudi wa Ujerumani. Kwa kuwa Meir na Meier yanasikika karibu sawa, Wayahudi wa nchi za Kijerumani walitumia Meyer au Mayer kama jina la kwanza. Mayer Amschel Rothschild wa Frankfurt ni mfano: Mayer ni jina lake, Rothschild ni la ukoo.

Kisha serikali zikawaamuru Wayahudi wachukue majina ya ukoo ya kudumu: Austria mwaka 1787, Prussia mwaka 1812, Bavaria mwaka 1813. Wengi waliligeuza jina la baba au babu kuwa la ukoo. Mtunzi wa opera Giacomo Meyerbeer alizaliwa Jakob Liebmann Beer na akaunganisha Meyer kutoka upande wa babu yake mzaa mama. Golda Meir alikuwa Meyerson kwa jina la mumewe, na mwaka 1956 akalirudisha kwenye Kiebrania.

Kwa hiyo jina peke yake halikuambii kama familia ilikuwa ya Kikristo au ya Kiyahudi. Wakati wa Wanazi watu walitiliwa shaka kwa majina tu, na bado wapo wanaodhani wanaweza kumsoma mtu kwa jina lake. Linaloamua ni kumbukumbu za ubatizo au za jumuiya ya Kiyahudi.

Hans Meyer wa Kilimanjaro alikuwa wa ukoo wa wasimamizi wa mashamba?

Kwa watu wa Afrika Mashariki hili ndilo swali la kwanza. Hans Meyer alizaliwa Hildburghausen mwaka 1858, katika familia ya wachapishaji. Babu yake, Joseph Meyer, alizaliwa Gotha mwaka 1796 akiwa mtoto wa fundi viatu, na mwaka 1826 alianzisha kampuni ya uchapishaji iliyotoa ile ensaiklopidia kubwa yenye jina la Meyer. Fundi viatu, mchapishaji, kisha mpanda mlima: kufikia karne ya 18 jina la msimamizi wa shamba lilikuwa limeshakatika na shamba.

Mwaka 1887 alijaribu Kilimanjaro akakwama kwenye barafu. Mwaka 1888 alirudi na Oscar Baumann, wakakuta pwani imewaka kwa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, wakatekwa na kuachiliwa kwa fidia. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama kiongozi wao wa njia. Meyer alikiita kilele jina la Kaisari wake. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Jina la Meyer mwenyewe bado liko Mawenzi, kwenye ncha yake ya juu kabisa.

Je, watu wote wanaoitwa Meyer ni ndugu? Wana ngao moja ya ukoo?

Hapana, kwa yote mawili. Jina lilizaliwa upya katika maelfu ya mashamba bila watu kujuana. Ngao zilipewa au kuchukuliwa na familia mahususi, kwa hiyo anayekuuzia picha ya "ngao ya akina Meyer" anakuuzia ngao ya familia ambayo huenda si yako.

Jina lilibadilikaje ng'ambo?

Uholanzi huandikwa Meijer. Marekani baadhi waliongeza *s* wakawa Meyers au Myers, ingawa Myers wengine ni Waingereza wa asili nyingine, na miongoni mwa Wajerumani wa Pennsylvania likawa Moyer. Limau tamu liitwalo Meyer limepewa jina la Frank Meyer, Mholanzi aliyehamia Marekani na kulileta kutoka China mwaka 1908; yeye alizaliwa Meijer.

Jina likiwa la kawaida hivi, Mjerumani anaruhusiwa kulibadili?

Sheria ya kubadili majina hudai sababu nzito. Maelekezo yake kwa maofisa yanataja waziwazi Meyer, Müller, Schmidt na Schulze kuwa majina yaliyoenea mno hata yamepoteza nguvu ya kumtofautisha mtu, na hilo linahesabika kuwa sababu.

Babu wa babu yangu alikuwa Mjerumani aitwaye Meyer. Nianzie wapi?

Usianze na jina. Anza na mahali na tarehe, kwa kuwa bila kijiji utazama katika bahari ya akina Meyer. Waulize wazee, pekua vyeti vya ubatizo, barua, maandishi ya nyuma ya picha. Kama aliishi Afrika Mashariki ya Kijerumani, faili za serikali hiyo zilizobaki ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na vitabu vya misheni aliyohusika nayo ni hazina nyingine.

Ukishapata mji, vyeti vya tangu 1876 viliandikwa kwenye ofisi ya usajili ya mji huo, iitwayo *Standesamt*. Kumbukumbu za vizazi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80 na za vifo baada ya 30, na hapo huhamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka. Kabla ya hapo wazao wa moja kwa moja wana haki ya kuziomba, wakithibitisha uhusiano wao. Kwa miaka ya kabla ya 1876 nenda kwenye vitabu vya kanisa. Vya Kikatoliki vya majimbo mengi vinasomwa bure katika tovuti ya Matricula, na vya Kiprotestanti vingi viko Archion kwa malipo. Utafute kwa tahajia zote sita, na ujiandae kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wa leo hulazimika kujifunza upya.